Jibini Isiyokatika

Ukiketi kwenye trattoria, yaani mkahawa wa kawaida, mtaani Testaccio, Roma, sahani inayompima mpishi ni ile inayoonekana rahisi kuliko zote: cacio e pepe. Ina vitu vitatu tu, yaani tambi, jibini ya kondoo iitwayo pecorino romano, na pilipili manga. Haina krimu wala siagi. Hata hivyo inafika mezani na mchuzi mzito, laini, ulioshika kila uzi wa tambi. Mchuzi huo umetoka wapi?

Umetoka kwenye maji. Tambi zikichemka huachia wanga, na maji hugeuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Jikoni mwa trattoria sufuria moja huchemshia sahani nyingi mfululizo, hivyo kufikia saa tatu usiku maji yake yana wanga mwingi kuliko ya nyumbani, ambako watu wawili hujaziwa sufuria pomoni. Wanga huo ndio unaozuia protini za jibini zisishikamane.

Mpishi wa Pwani hahitaji kuelezwa sana. Anajua tui la nazi lisipokorogwa hukatika. Pecorino nayo hukatika, tena vibaya zaidi: joto likipita takriban nyuzi 65 za Selsiasi, protini hunatana, mafuta hujitenga, na kinachobaki ni madonge yanayovutika kama chingamu.

Kwa hiyo kazi yote ni kuchunga moto. Pilipili iliyotwangwa chengachenga hukaangwa kavu mpaka harufu ipande, kisha humiminiwa maji kidogo ya tambi. Tambi huopolewa zikiwa bado na kiini kigumu, zikaivie humo kikaangoni. Pembeni, jibini iliyokunwa laini hupondwa na maji yaliyopoa kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Hapo kikaango huepuliwa. Mpishi husubiri kidogo, na subira hiyo fupi ndiyo wengi wanaoikosa, ndipo anatia jibini huku akizirusha tambi bila kupumzika. Chumvi ya maji hupunguzwa, maana pecorino ina chumvi kali yenyewe.

Mwaka 2025 wanafizikia Waitaliano walilipima jambo hili la wanga na jibini na kulichapisha katika jarida la Physics of Fluids. Wanga ukiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa jibini, madonge hutokea; ukiwa asilimia 2 hadi 3, mchuzi hutulia. Kwa gramu 160 za jibini, hiyo ni kama gramu 4 za wanga, ambazo mpishi wa nyumbani anaweza kuzikoroga na maji na kuzipasha mpaka zishike. Naliona hilo kuwa msaada halali. Krimu siyo: hulainisha mchuzi, lakini huzima ukali wa jibini na pilipili, ambao ndio sahani yenyewe.

Sahani ikiletwa, usingoje wenzako wahudumiwe. Uile papo hapo, kwa kuwa mchuzi ukipoa, jibini hukaza.