Daftari la Fundi wa Waya

Ukibandua dari ya basi lililowahi kuwa nganya, yaani matatu ya mapambo na muziki, nyaya hushuka kwa mashada. Nyekundu, nyeusi, nyekundu tena. Nyingine zimefungwa teipu iliyoyeyuka ikawa gundi, nyingine zimekatwa na kuachwa zining'inie karibu na chuma. Mtu asiye wa kazi hii huona uchafu tu. Fundi wa waya huona wenye gari walivyofuatana: huyu alitaka taa za zambarau chini ya viti, yule akaongeza skrini nyuma ya dereva, wa tatu akanunua spika zenye njaa kuliko uwezo wa alternata yake.

Basi ninalolizungumzia ni Isuzu NQR ya viti 33 iliyomaliza nguvu zake kwenye njia ya 46, Kawangware na mjini. Mwenyewe mpya alikuwa analigeuza kinyozi: viti vya kunyolea, vioo, televisheni, na kona ya akina mama kukaushia nywele. Mbao na rangi zilipewa watu wengine. Stima ilikuwa ya fundi mmoja anayeishi Soweto East, Kibera, na kufanya kazi kando ya barabara Kawangware. Simtaji jina, maana hakuomba kutangazwa. Kilichonivutia kwake si wepesi wa mikono. Nairobi haijapungukiwa mikono myepesi. Kilichonivutia ni kwamba kisu kilikaa mfukoni siku nzima. Alikuwa anaandika.

Daftari lenyewe ni lile la hesabu, la miraba, wanalotumia watoto wa shule ya msingi, limevalishwa jalada la nailoni. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: namba ya waya, unatoka wapi, unaishia wapi, unene, fyuzi, tarehe. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, imeandikwa "Sababu". Nimeona mafundi wachache wanaoandika walichofanya. Anayeandika kwa nini alikifanya sikuwa nimemwona. "Waya 14: sanduku la fyuzi hadi feni ya nyuma. Milimita 2.5. Fyuzi 15. Sababu: wa zamani ulipita juu ya mlango, mlango ukawa unausaga." Atakayekuja baada ya miaka na kujiuliza mbona waya huu umezunguka mbali hivi hatashawishika kuufupisha.

Maandishi hayo yana kazi kubwa kwa sababu basi la Nairobi huwa na umeme wa mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa kiwanda. Isuzu huunganishwa Mombasa Road, katika kampuni iliyoitwa General Motors East Africa hadi 2017, General Motors ilipouza hisa zake na jina likawa Isuzu East Africa. Kinachotoka hapo ni chesi ya lori: injini, taa za mbele, saa za dashibodi, na mkanda wa nyaya wenye mchoro wake kamili. Chesi huenda kwa wajenzi wa bodi, nao huweka taa za ndani, kengele ya abiria, vipangusa kioo. Huo ni mkono wa pili, na michoro yake mara nyingi iko kichwani mwa aliyejenga. Mkono wa tatu ni wa fundi wa muziki na mataa, anayefanya kazi usiku ili gari liwe barabarani alfajiri. Huyo hana mchoro wowote, na ukimdai mchoro saa kumi za usiku utakuwa umemwonea.

Mkono wa kwanza husomeka kwa rangi. Michoro ya magari ya Japani huandika rangi kwa herufi: R ni nyekundu, W nyeupe, G kijani, B nyeusi, na bluu ikawa L kwa kuwa B ilikwisha chukuliwa. Herufi ya kwanza ni rangi ya waya, ya pili ni ya mstari uliopakwa juu yake. Fundi huyu anazisoma hizo bila kutazama kitabu. Lakini nyaya za mkono wa tatu zilinunuliwa Kirinyaga Road, kule wakongwe wanakokuita Grogan, kwa roli mbili tu, nyekundu na nyeusi, na roli ya nyekundu ikiisha nyeusi inaendelea na safari. Nyingine zimechomolewa kwenye magari yaliyovunjwa, zikaja na rangi za kwao.

"Fundi, hii nyekundu ni ya nini?" kijana wake aliuliza, kichwa kikiwa ndani ya dari.

"Sijui. Shika mwisho wako, mimi natafuta wangu."

Ndivyo walivyokwenda, waya kwa waya. Kijana anagusisha ncha ya mita upande wa mlango, fundi anagusisha ncha nyingine mbele, mita ikilia waya umejulikana. Kisha namba kwenye teipu ya karatasi katika ncha zote mbili, na seloteipu juu yake, kwa kuwa joto la mabati ya paa hufuta wino wa kalamu upesi. Waya usiolia popote hupewa alama ya kuuliza na ukurasa wake. Kasi ya kazi hiyo ni ya kuchosha hata kuitazama. Mwenye gari alipita mara mbili, akaona hakuna taa hata moja iliyowaka, akasimama kidogo mikono kiunoni, akaondoka bila neno.

Katika ukurasa mmoja wa alama ya kuuliza ndimo alimoukuta ugonjwa wa basi hilo. NQR hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Redio na amplifaya nyingi za madukani ni za volti 12. Njia ya halali ni kuweka kifaa cha kushusha volti. Njia ya mkato, na mtu wa mkono wa tatu alikuwa ameipita, ni kuchomeka waya katikati ya betri mbili na kunyonya ile ya chini peke yake. Muziki unapiga, mteja anafurahi. Lakini alternata huzichaji betri zote mbili kama kitu kimoja, volti kama 28 kwa jumla, haijui kwamba moja imenyonywa na nyingine imekaa bure. Iliyonyonywa haishibi kamwe, mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yachemke, na kabla ya muda zote mbili zimekufa. Mwenye gari hununua betri mpya, analaumu duka, na waya wa katikati unabaki pale pale kuua jozi inayofuata. Fundi aliufuata waya huo kutoka nyuma ya kiti cha dereva, chini ya zulia, hadi kwenye betri, akauandika wote kabla ya kuung'oa. Kwenye "Sababu" aliandika mistari minne, na neno USIRUDISHE kwa herufi kubwa.

Nilimuuliza kwa nini uandike waya ambao haupo tena. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango. Kisha akanionyesha kwamba katika daftari lake hakuna kinachofutwa: kilichoondolewa hupigwa mstari mmoja tu katikati, ili kiendelee kusomeka, na tarehe pembeni. Waya ambao hauwezi kung'olewa kwa kuwa umefunikwa na bodi huzibwa ncha zote mbili na kuandikwa MFU. Basi likiwa na waya mfu usioandikwa, fundi wa kesho atapoteza asubuhi nzima kuutafutia kazi. Au, vibaya zaidi, ataupa moto bila kujua unatokea wapi.

Hesabu zake huziweka nyuma ya daftari. Feni, taa na chaja za upande wa nyuma zinataka ampea 10. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita kumi kwenda na kumi kurudi, unapoteza volti 1.4 hivi njiani. Kati ya volti 24 hilo linavumilika. Mzigo huohuo ukiendeshwa kwa volti 12 unataka ampea 20, upotevu unakuwa karibu volti 2.8, na feni inazunguka kwa uvivu. Ndiyo maana alikataa kushusha volti mbele na kuzisafirisha nyuma. Kila kifaa cha volti 12 kilishushiwa palepale kilipo. Fyuzi nazo aliziandika kwa unene wa waya, si kwa ukubwa wa kifaa, kwa kuwa fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usiungue. Wanaozungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya foili ya pakiti ya sigara, ili gari lisikose safari ya jioni, wamegeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, nao umepita katikati ya viti na sponji.

Mashine ya kukaushia nywele ilileta ubishi. Wati 1,200 kutoka betri za volti 24 ni ampea 50, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta. Betri mbili za ampea 100 kwa saa zina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, na ukitaka zidumu usizidishe nusu yake: yaani saa moja ya kukausha nywele, na kinyozi kimefungwa. Mwenye gari alisisitiza. Fundi hakubishana, alifungua daftari akamwonyesha hesabu, akaandika mbele yake: "Mashine ya nywele: stima ya nje tu. Mwenye gari ameambiwa." Kuna ujanja wa wakili humo, nami niliufurahia.

Stima ya nje ni volti 240, na hapo ndipo uandishi unaacha kuwa adabu na kuwa uhai wa mtu. Gari limekaa juu ya mipira. Waya wa moto ukigusa bodi, basi zima linakuwa na stima na hakuna taa itakayozima kukuonya. Atakayejua ni mteja anayekanyaga udongo huku ameshika kishikio cha mlango. Fundi alifunga bodi kwa waya wa kijani na njano hadi kwenye fimbo ya shaba ya kupigiliwa ardhini, akaweka swichi inayokata stima ikivuja miliampea 30. Nyaya za 240 akazipitisha bombani upande wa kulia, za 24 upande wa kushoto, zisikutane. Rangi hazikumtosha kumlinda. Katika nyumba za sasa kahawia ndio waya wa moto. Katika magari ya Ujerumani kahawia ni waya wa bodi. Fundi aliyejifunza kwenye Mercedes akiliingia basi hili kwa mazoea, anaweza kushika asichokusudia. Kwa hiyo kila hatua ya bomba la kulia ina namba iliyoandikwa 240 mbele yake.

Labda Soweto East ilimfundisha jambo hapa, ingawa yeye hakulisema na mimi sitamsemea. Kwa miaka mingi Kibera ilionekana kwenye ramani kama sehemu tupu, hadi vijana wake walipoichora wenyewe mwishoni mwa 2009 katika mradi wa Map Kibera. Soweto East ndiko serikali ilikojenga nyumba za ghorofa za mpango wa kuboresha makazi, zikakabidhiwa 2016. Lakini nje ya ghorofa hizo bado kuna nyaya za sambaza, zile za kuunganishiwa kiholela, juu ya mabati, na nyumba ikianza kunuka moshi, swali la kwanza la majirani ni hizi zinatoka wapi.

Si mafundi wote wanaoyapenda haya. Wako wanaoficha njia za nyaya makusudi, ili gari likiharibika lirudi kwao. Siwezi kuwalaumu sana: mwenye gari hulipia mwangaza, halipii maandishi, na hakuna anayeongeza shilingi kwa sababu ya safu ya "Sababu". Hata logibuku ya NTSA, mamlaka ya usafiri, inaandika rangi, injini na aina ya bodi, nyaya haziulizi. Ila wanaogeuza magari ya mafuta kuwa ya umeme, kama kampuni ya Opibus ilivyoanza hapa Nairobi 2017 na magari ya safari, huwezi kuwaona wakianza bila mchoro. Nyaya zao za nguvu ni za rangi ya chungwa, na katika volti mamia kadhaa kubahatisha hakuna.

Kitu kimoja hakimo daftarini. Basi lina swichi ya siri dhidi ya wezi, na fundi aliikuta, akaitengeneza, akaruka namba 31 bila maelezo. Mwenye gari aliambiwa kwa mdomo, wakiwa wawili ndani ya gari. Kuandika vizuri ni pamoja na kujua karatasi itasomwa na nani.

Daftari hukaa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya sanduku la fyuzi, kurasa za mwisho zimepigwa mistari lakini ziko tupu, kwa ajili ya fundi mwingine. Je, kuna aliyewahi kuzijaza, katika magari yote aliyoyafanya? Yupo mmoja, alisema. Gari la shule lilimrudia likiwa na mstari mpya kwa mwandiko wa mtu asiyemjua: "Nimetoa fyuzi 9, inaungua. Nitarudi." Tarehe hakuna. Fundi alimpigia simu dereva hapohapo, akamtaka akumbuke ilikuwa lini, ajaze safu.