Pongezi kwa mwinjilisti wa mnadani

Vikundi vya vijana Wakristo kutoka Marekani na Ulaya hufika mnadani Karatu, kaskazini mwa Tanzania, na igizo lisilo na maneno: muziki, ishara, na mwana mpotevu anayeondoka nyumbani. Wazo ni zuri, kwani wilaya hii ina Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, na Kihadza cha kule Ziwa Eyasi ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu. Ukipanda Ngorongoro unakuta Kimaasai. Kiswahili huwaunganisha watu, lakini si kila bibi aliyeleta mbuzi mnadani anakimudu.

Pongezi zangu ziende kwa mwinjilisti mwenyeji anayesimama kando ya igizo hilo. Muziki ukizimwa, yeye ndiye anayeulizwa maswali. Kwa wafugaji, Luka 15, penye mfano huo wa mwana mpotevu, ni habari ya nyumbani kabisa. Mtoto kudai fungu lake baba angali hai! Wazee huanza kuguna hapo hapo, kijana hajafunga hata mzigo. Na akirudi akachinjiwa ndama aliyenona, wanajua thamani ya ndama huyo. Mgeni angehitaji nusu saa kulieleza hilo. Mwenyeji husema sentensi mbili, kisha huwaacha wazee wabishane.

Wageni wakishaondoka, yeye hubaki: anaongoza maziko, anatembelea wagonjwa, anapatanisha ndugu waliogombea shamba, mara nyingi kwa posho ndogo. Makanisa yanayofadhili safari za vijana yangefanya vema kumnunulia pikipiki, maana kutoka Karatu hadi vijiji kama Endulen, kule Ngorongoro, ni mbali, na barabara hupanda mpaka ukingo wa kreta.