Mandhari, Urithi na Mgeni: Uhakiki wa Istilahi za Upangaji kwa Kuitazama Nchi ya Lionja

Istilahi ya upangaji ikikosewa, kosa lake haliishii katika karatasi. Huenda likajengwa kwa mawe na saruji, na watu wakaishi nalo kwa miaka mingi. Ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kuyahakiki maneno machache ambayo watafsiri na watumishi wa serikali huyatumia wanapoandika juu ya kuchagua mahali pa kujenga nyumba ya kuelezea mambo ya kihistoria. Maneno yenyewe ni mandhari, urithi, mkoa na kituo cha wageni. Yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyauliza yametoka wapi wala yanakwenda wapi.

Hatukupenda kuyapima katika kamusi peke yake. Tumeyapeleka Lionja, kata ya Wilaya ya Nachingwea, pamoja na nchi inayoizunguka hadi upande wa Ruangwa. Tumeichagua Lionja kwa sababu ni kata ya wakulima, isiyo na sifa ya utalii, lakini imo ndani ya nchi iliyobeba mambo mazito ya karne iliyopita. Hoja yetu ni moja: neno litakalotumika ndilo litakaloamua jengo lisimame wapi, na lijengwe kwa ajili ya nani.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Mpangaji mzuri haanzi kwa kutafuta kiwanja. Huanza kwa kuisoma nchi yote: maji yake, miinuko, udongo, njia, vijiji, mashamba, makaburi na alama zilizoachwa na waliotangulia. Kila jambo huchorwa katika ramani yake, kisha ramani hizo hupandishwa moja juu ya nyingine hadi ionekane palipo na nafasi na pasipogusika. Njia hii ilipata nguvu duniani baada ya Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Marekani, kuchapisha kitabu chake mwaka 1969. Kwa Kiswahili kazi hiyo huitwa mara nyingi "uchambuzi wa mandhari". Hapo ndipo tunapoanza kutofautiana na wenzetu.

1. Mandhari

Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno nadharia. Shina lao moja ni kutazama. Mandhari, basi, ni kile kinachotazamwa. Ni neno zuri kwa mchoraji na kwa mshairi. Je, lamfaa mpangaji?

Nchi ya Nachingwea imekwisha kulijibu swali hilo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa kutoka Uingereza kutafuta ardhi ya kulima karanga, na sehemu kubwa ya ukaguzi wake ilifanywa kutoka angani kwa ndege, katika muda wa wiki chache. Kilichoonekana ni pori kubwa lisilo na watu wengi. Zikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ikapangwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Mpango ulianza mwaka 1947, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Mvua haikuwa ile iliyodhaniwa. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Miti na mizizi ilivunja mitambo. Watu hao hawakukosa macho. Walichambua mandhari, wala hawakuijua nchi.

Kuna na upande wa pili. Alama nyingi za nchi hii leo hazitazamiki. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Njia za misafara iliyotoka pwani ya Lindi na Kilwa kwenda Ziwa Nyasa zimemezwa na mashamba na vichaka. Vita vya Maji Maji, vilivyofika pande hizi mwaka 1905, havikuacha minara. Mchambuzi wa mandhari atapita juu ya hayo yote, naye atakuwa hakuvunja kanuni yoyote ya istilahi yake.

Twashauri mandhari libaki kwa kile kinachoonekana na jicho, na kwa maumbo ya ardhi tuendelee na "sura ya nchi", kama wafanyavyo walimu wa jiografia. Kwa kazi nzima ya mpangaji tunalo neno la siku zote, nchi. Mswahili akisema "nchi ile ni ngumu", husema udongo, maji, watu na desturi zao kwa pamoja. "Uchambuzi wa nchi" watosha. Atakayehofu kwamba neno hilo litachanganywa na dola, na akumbuke kwamba muktadha huondoa shaka hiyo kila siku katika maneno yetu.

2. Mambo ya kale, malikale na urithi

Hapa serikali yenyewe imetupatia maneno matatu. Sheria ya mwaka 1964 ni ya Mambo ya Kale. Sera ya mwaka 2008 ni ya Malikale. Nayo kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za vita vya uhuru huitwa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika. Watumishi huyachanganya maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Sheria ile iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa majengo yanayolindwa kwa sababu ya umri wake. Yaliyojengwa baadaye huhitaji kutangazwa. Sasa tuitazame kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, iliyokuwa katika lile shamba la zamani la karanga linalojulikana mpaka leo kwa jina la Farm 17. Hapo, tangu miaka ya kati ya 1960, wapiganaji wa Msumbiji walifunzwa; hapo Samora Machel alifanya kazi yake kubwa kabla ya uhuru wa nchi yake, tarehe 25 Juni 1975. Je, hayo ni mambo ya kale? Wapo watu wazima wanaoyakumbuka kwa macho yao. Neno kale likishika hatamu, kambi na reli huwa vitu vya kusubiri vizeeke.

Urithi lina sifa ambayo yale mengine hayana: halisimami bila mrithi. Anayelitamka hulazimika kuulizwa, "Ni nani anayerithi?" Twaona basi kwamba urithi liwe istilahi pana, na malikale litumike kwa vitu na mahali panapolindwa kisheria.

3. Mkoa

Juu ya hili hatutasema mengi. "Uchambuzi wa kimkoa" ni tafsiri ya haraka. Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, lakini reli ya karanga haikuujua mpaka huo, wala wapiganaji waliovuka Ruvuma hawakuujua. Uchambuzi wa kimkoa utaikata reli vipande viwili. "Wa kikanda" ni bora, kwa kuwa kanda hukusanya mikoa inayoshiriki jambo moja.

4. Kituo cha wageni

Hili ndilo neno lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa sababu linaonekana la adabu. Wanaolitetea hutukumbusha, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hatuikatai methali hiyo. Lakini methali ina watu wawili, na istilahi imemchukua mmoja tu.

Kituo kikiitwa cha wageni, mpangaji atakitafutia mahali pa wageni: karibu na uwanja wa ndege, karibu na nyumba za kulala, mjini Nachingwea. Mwanafunzi wa Lionja atakuwa nani ndani yake? Si mgeni, jina la mlangoni halimtaji. Mzee wa Msumbiji aliyefunzwa Farm 17, akirudi kuiona, ataitwa mgeni mahali alipotoa ujana wake. Wenyeji watapata kazi ya kufyeka majani na kulinda lango, nao watakuwa wamerithi fagio.

Hatusemi kwamba nyumba ya maelezo lazima isimame juu ya kitu kinachoelezwa. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, zilifunikwa tena kwa udongo katika miaka ya 1990 ili zisiharibike, na habari zake huelezwa katika makumbusho ya Olduvai. Umbali unaweza kuwa hifadhi. Lakini mifupa ya Tendaguru, katika mkoa huu huu wa Lindi, ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, na huko ndiko inakoelezwa. Umbali huo si hifadhi. Kati ya umbali wa namna hizi mbili, kipimo ni kimoja: je, mrithi anaweza kufika kwa miguu yake, na akifika anaweza kusema?

Tulifikiria neno baraza, kwa kuwa barazani mgeni na mwenyeji huketi pamoja. Ni neno tamu, lakini limekwisha kubebeshwa mabaraza ya kila aina, na litaleta utata katika barua za ofisi. Twapendekeza "kituo cha maelezo ya urithi". Jina hili halichagui nani aingie. Humlazimisha mpangaji kuuliza nani ataeleza, na kwa lugha gani, swali ambalo kwa nchi ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde si dogo.

Mapendekezo

Mandhari: kinachoonekana na jicho.
Sura ya nchi: maumbo ya ardhi.
Uchambuzi wa nchi: kuisoma ardhi, maji, watu na alama zao kwa pamoja, kabla ya kupanga.
Wa kikanda: unaovuka mipaka ya mkoa.
Urithi: kilichoachwa na waliotangulia, pamoja na mrithi wake.
Malikale: vitu na mahali panapolindwa kisheria.
Kituo cha maelezo ya urithi: badala ya kituo cha wageni.

Nchi hii imekwisha kupangiwa mara moja na watu walioitazama kutoka angani. Isipangiwe mara ya pili kwa maneno yanayoitazama kutoka mbali vilevile. Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na yatakayoshindwa tuyajue.