Kibwagizo cha Aliyetoka Hemani

Machi 1912, huko Antaktika, Kapteni Lawrence Oates alitoka hemani dhoruba ikivuma, asirudi tena. Miguu yake ilikwisha kuharibiwa na baridi, na mwendo wake ulikuwa ukiwachelewesha wenzake watatu, nao chakula na mafuta vinawaishia. Aliwaambia tu kwamba anatoka nje na huenda akakawia kidogo. Twaijua kauli hiyo kwa sababu kiongozi wao, Robert Scott, aliiandika katika shajara iliyokutwa pamoja na maiti yake mwezi Novemba.

Watunzi wengi wameuimba msafara ule. Mwaka 1941 redio ya Australia ilirusha tamthilia ya kishairi ya Douglas Stewart. Mimi lakini namrudia Derek Mahon, mzaliwa wa Belfast, na shairi lake “Antarctica”, kwa kuwa humo namwona fundi anayejua kujizuia.

Mahon alichagua vilaneli, bahari ngumu: mishororo 19, vina viwili tu, na vibwagizo viwili, kila kimoja kikisikika mara nne. Aliyelelewa na mashairi ya vibwagizo anaijua hatari yake; kibwagizo kisicho na kazi huwa mzigo kwa kila ubeti. Yeye aliichukua kauli ya Oates, kauli ya mtu anayeaga kana kwamba anakwenda kuwatazama mbuzi zizini, akaifanya kibwagizo. Mwanzoni imo katika nafsi ya kwanza: Oates ndiye anayesema. Kisha inahamia nafsi ya tatu. Ameshatoka, na tuliobaki ndio tunaomsemea. Katika ubeti wa mwisho nafsi ya kwanza inarejea, ilhali msemaji keshamezwa na theluji. Ni nafsi tu inayobadilika, lakini kilichoanza kama kuaga kimekuwa wasia. Kibwagizo cha pili ni cha mshairi mwenyewe, nacho kinauweka upuuzi na utukufu mahali pamoja.

Na upuuzi ulikuwepo kweli. Roald Amundsen, mpinzani wao katika mbio za kwenda Ncha ya Kusini, alikwisha kufika huko tangu 14 Desemba 1911, kabla yao. Oates alijitoa, na bado wenzake hawakuokoka; walifia hemani, yapata kilomita 18 tu kabla ya kufikia akiba yao ya chakula. Mtunzi dhaifu angeifukia hasara hiyo kwa sifa.

Ndiyo maana tungo zetu za rambirambi za siku hizi zinanihuzunisha. Marehemu hajazikwa, zimeshaenea kwenye simu. Kila ubeti umejaa ushujaa, na kibwagizo kimetiwa ili kutimiza idadi ya mishororo. Alichokitenda marehemu hakimo. Nahodha aliyempa abiria koti lake la kuokolea, muuguzi asiyetoka wodini kipindupindu kilipotanda, wote wanatungiwa beti zinazomfaa marehemu yeyote; na maneno yao ya mwisho, ambayo jamaa zao bado wanayakumbuka, hakuna mtunzi aliyekwenda kuyauliza.