Dodoso Lililotoka Nje Kabla ya Kikao

Kazi ya mshauri nasaha wa mtandaoni na mteja mpya huanzia kwenye dodoso. Ana kwa ana, swali la kujiua hufika baada ya salamu na mazungumzo kidogo. Mtandaoni hutangulia, na mteja hulijibu peke yake mbele ya kioo cha simu, akiamini kwamba anayemwandikia ni mshauri. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa BetterHelp, kampuni ya Marekani ya ushauri nasaha mtandaoni, kuliingiza dodoso lake katika shughuli za matangazo ulikuwa kosa la tiba kabla ya kuwa suala la sheria.

Kwa mujibu wa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo, anwani za barua pepe, anwani za IP na baadhi ya taarifa za dodoso zilifika Facebook, Snapchat, Pinterest na kampuni ya matangazo ya Criteo, ilhali wateja walikuwa wameahidiwa faragha. Miongoni mwa taarifa zilizofika Facebook ni kwamba mtu aliwahi kupata tiba. Barua pepe zilifumbwa kwanza zikawa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka. Kinga hiyo ni ya juujuu: Facebook hufumba barua pepe za wanachama wake kwa njia ileile, kisha hulinganisha. Tena, hata pasipo jibu moja kuvuja, barua pepe ikitoka kwa mtoa tiba imekwisha kueleza kuwa mwenyewe anatafuta tiba.

La ajabu zaidi ni aliyekabidhiwa uamuzi. Tume ilieleza kuwa sehemu kubwa ya mamlaka juu ya matumizi ya Facebook aliachiwa mchambuzi mdogo wa masoko, aliyetoka chuo karibuni, asiye na uzoefu wa kulinda taarifa za afya. Si haki kumtwisha lawama kijana huyo. Dodoso la tiba lililo mikononi mwa idara ya masoko limeshatoka mikononi mwa tiba. Mwaka 2023 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8, bila kukiri kosa.

Wakongwe wa fani hii walikuwa waangalifu zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1913 kuhusu kuanza matibabu, Sigmund Freud alishughulikia saa, ada na kanuni ya kusema kila linalokuja akilini kama mambo ya mwanzoni kabisa, na yote yalibaki kati ya watu wawili. Chad Varah, kasisi aliyeanzisha jijini London mwaka 1953 huduma ya simu ya Samaritans kwa wenye mawazo ya kujiua, hakumdai mpigaji jina. Majukwaa ya leo yanadai jina, barua pepe na kadi ya benki, kisha yanampa mteja nyota za kumpangia mshauri daraja kama dereva wa teksi.

Hatua nyingine nyingi za kumpokea mteja mtandaoni siku hizi hufanywa vizuri: ridhaa ya maandishi, namba ya simu mtandao ukikatika, jina la mtu wa dharura, uthibitisho kuwa leseni ya mshauri inatambulika mteja alipo. Mteja huulizwa yuko wapi kila kikao, kwa kuwa msaada hautumwi mahali pasipojulikana.

Kwa mshauri wa Nairobi au Dar es Salaam, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Kwa hiyo, kwenye fomu ya kwanza yatosha jina, simu, mahali na mtu wa dharura, kwenye ukurasa usio na msimbo wa kufuatilia wageni. Swali la kujiua liulizwe kwa sauti, mshauri akiwa hewani. Likiachwa kwenye fomu, mteja anaweza kujibu ndiyo saa nane usiku, na jibu lake likasomwa kesho yake mchana.