Karatasi Nyuma ya Kioo: Shauku ya Vitabu Adimu na Uchunguzi wa Kiswahili cha Bara

Makala hii inahoji shauku ambayo wachunguzi wa Kiswahili tunaijua sana lakini tunaiandikia kidogo: hamu ya kuwa na kitabu cha kale chenyewe, karatasi yenyewe, hali maneno yake tunayo tayari. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria maonyesho ya vitabu vya kale huko Ulaya. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, lenye maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama yalivyonukuliwa na Heinrich Brode na kuchapishwa mwaka 1902 na 1903. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Niliomba kupiga picha ya ukurasa mmoja. Muuzaji akakataa, kwa adabu. Usiku ule, hotelini, niliisoma matini ileile kwenye kompyuta bila kulipa chochote. Basi mchana kutwa nilikuwa nikitamani nini?

Jibu la kwanza halitupambi. Sehemu ya hamu ile ni fahari. Mimi ni mtu wa Busasamana, katika wilaya ya Rubavu, chini ya volkeno za Virunga, jirani na mpaka wa Kongo. Mtu wa bara aliyekua akisikia kwamba Kiswahili ni lugha ya wageni, ya mjini na ya msikitini, huwa na njaa ya hati ya kumthibitishia kwamba lugha hiyo ilipita kwao zamani. Wauza vitabu wanaijua njaa hiyo. Kitabu cha Götzen cha mwaka 1895, kuhusu safari yake ya kutoka Pangani hadi pwani ya Atlantiki, kina Nyiragongo, kina Ziwa Kivu, kina makazi ya mwami Rwabugiri aliyoyafikia mwaka 1894. Msafara ule ulitembea kwa miguu ya wapagazi na askari wa pwani, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya njiani. Lakini anayesimulia ni Götzen, na anasimulia kwa Kijerumani. Ni kitabu kizuri cha kupamba rafu. Historia ya Kiswahili cha Rwanda inakihitaji kidogo kuliko bei yake inavyodai.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Tippu Tip aliandika kwa hati ya Kiarabu. Brode aliwapa wasomaji unukuzi wa herufi za Kirumi na tafsiri ya Kijerumani. Matini tunayoifundisha imepita kwenye sikio na kalamu ya Brode, na hata W. H. Whiteley alipoitafsiri kwa Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, msingi wake ulikuwa Brode. Wanaoijua hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa na waandishi wa Kiswahili wa karne ya 19 wanajua maana ya jambo hili. Kasra ilibeba /i/ na /e/ pamoja. Dhumma ilibeba /u/ na /o/. Herufi ba mara nyingi ilisimama pia mahali pa /p/, fa mahali pa /v/, ghaini mahali pa /g/, na nazali iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Msomaji wa pwani aliyajaza mapengo hayo kwa ujuzi wa lugha yake. Majina ya bara hayakuwa na mlinzi huyo. Rubavu ikiandikwa hivyo inaweza kusomwa Rubafu au Robafo. Goma inaweza kusomwa Ngoma, au hata Guma, neno ambalo Mnyarwanda yeyote aliyefungiwa nyumbani mwaka 2020 hatalisahau. Kila jina la mtemi na la kijiji katika matini ya Brode, basi, ni uamuzi wa mhariri hadi tuione hati.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema kwamba, kwa kazi yetu, kitabu cha C. G. Büttner cha mwaka 1892 kinamzidi Brode, ingawa hakina shujaa wala misafara ya pembe. Kimejaa barua na hati za kawaida: madeni, salamu, mashtaka. Lakini Büttner alichapisha sura ya hati yenyewe ya Kiarabu pamoja na unukuzi wake, na kwa hiyo msomaji anaweza kumpinga. Brode tunaweza kumwamini au kumshuku tu. Velten naye, katika mkusanyo wake wa safari za Waswahili wa mwaka 1901, ametuachia simulizi ya Sleman bin Mwenyi Tshande ya safari ya bara, simulizi ninayoipenda kuliko ya Tippu Tip kwa sababu mwandishi wake hana himaya ya kuitetea. Lakini nayo imetufikia kwa herufi za Kirumi.

Washauri wa sera watauliza haya yanawahusu vipi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu sheria ya mwaka 2017, na lugha rasmi hutafutiwa urithi; hapo ndipo fedha za umma zinapoweza kuelekea kwenye kabati la kioo. Ushauri wangu ni kwamba taasisi isinunue chapa adimu ambayo matini yake inapatikana bure. Igharimie picha za hati asilia popote zilipo, ziwe wazi kwa wote, na iwafundishe wanafunzi wa vyuo vyetu kuisoma hati ya Kiarabu, ujuzi ambao kozi nyingi za Kiswahili huupita kwa mhadhara mmoja. Tena iajiri wakusanyaji. Mkusanyo wa miswada wa Dar es Salaam, ambao J. W. T. Allen aliutolea katalogi mwaka 1970, upo kwa sababu watu walikwenda mlango kwa mlango. Walikwenda pwani zaidi. Huku kwetu milango haijabishwa.

Nilibisha mmoja mwaka jana. Mama mkongwe wa Busasamana, mjane wa mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa akivusha mizigo hadi Goma, alikuwa na daftari la madeni la marehemu mumewe. Limeandikwa Kiswahili cha Kongo kwa herufi za Kirumi, aina za viazi kwa Kinyarwanda, fedha kwa Kifaransa. Kitenzi kukopesha kina tahajia tatu. Kurasa za mwanzo zilikwisha kuwashia moto. Nilimweleza kuhusu maonyesho na bei zake, naye akacheka, akaniuliza kama wale watu wa Ulaya wangemlipia pia madeni yaliyomo. Aliniruhusu kupiga picha kila ukurasa uliobaki. Daftari lenyewe alikataa kuniachia: “Mwalimu, kuna watu humu bado wako hai.”