Telefone ya usiku na moyo wa Valentino

Safari hii tuko na kitabu cha machozi. Kinaitwa The First to Die at the End, cha Adam Silvera, Mmarekani wa Bronx, kilitoka Oktoba 2022. Waliosoma They Both Die at the End ya 2017 wanajua habari: kuna kampuni, Death-Cast, inapigia watu telefone baada ya saa sita ya usiku kuwaambia kwamba leo njo siku yao ya mwisho. Haisemi saa ngapi, haisemi kwa njia gani. Kitabu hiki kinarudi nyuma miaka saba, mpaka usiku wa kwanza wa kazi ya kampuni ile, mwisho wa Julai 2010, ku New York. Ni hadithi iliyotangulia hadithi. Jina lenyewe limeshasema kutakuwa kifo, kwa hiyo asije mtu kunikasirikia eti nimeharibu utamu.

Orion ana miaka 18, moyo wake ni mgonjwa, anaweza kufa siku yoyote. Wazazi wake walikufa tarehe 11 Septemba 2001. Valentino anatoka Arizona, ndiyo kwanza anafika mjini kutafuta kazi ya kupigwa picha za mitindo. Wazazi wake wako hai lakini walimkataa, juu anapenda wavulana. Wanakutana Times Square, katikati ya watu wanaosubiri saa sita. Ndiyo, ni mapenzi ya wavulana wawili. Najua kutakuwa makelele kwenye ukurasa huu. Fanyeni makelele, lakini someni kwanza.

Orion njo anaogopa telefone. Inalia kwa Valentino.

Kilichonishika mimi, mtu wa mashamba, hayakuwa mapenzi kwanza. Ilikuwa shaka. Katika kitabu cha 2017 kila mtu anajua sheria: ukipigiwa, umekwisha. Hapa hakuna aliyewahi kuona kama kampuni inasema kweli. Wengine hata wanakufa usiku ule ule bila kupigiwa. Sasa fikirieni kwetu. Haut-Katanga mvua inaanza Oktoba ao Novemba. Kuna mwaka inanyesha siku mbili, udongo unalowa vizuri, halafu jua wiki mbili. Aliyeharakisha kupanda mahindi anapoteza mbegu. Umwambie mkulima wa njia ya Kasenga kwamba telefone imesema mvua ya kweli ni wiki ijayo. Hatakuita muongo. Atakusikiliza, atakuuliza habari za nyumbani, halafu ataenda kuchungulia kama jirani amepanda. Habari inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado mwaka wa kwanza isisaidie mtu. Inasaidia mwaka wa tatu, wakati kila mtu ameona nani alipoteza mbegu na nani alivuna. Silvera amekamata mwaka ule wa kwanza, na kwa hiyo mimi naona kitabu hiki kina nguvu kuliko kile kikubwa kilichomletea jina. Pole tu kwamba shaka inaisha mapema. Ningetaka Valentino akatae zaidi, agombane na ile sauti ya telefone, amalize unite akipigia watu wengine kuuliza.

Mapenzi yenyewe? Ni ya siku moja. Mnacheka, najua: ku Lubumbashi mtu anachumbia miaka sita akisubiri kukamilisha mahari, na hawa wawili hawana hata wiki. Lakini inaingia. Siku ya kwanza ya mtu mjini kuwa siku yake ya mwisho duniani, hilo ni wazo zuri, na mwandishi analitumia kwa vitu vidogo: kutembea, treni ya chini ya ardhi, macho ya mgeni. Kinachochosha ni maneno. Kila hisia inasikika mara mbili, mara moja kwa tendo, mara ya pili kwa maelezo, kana kwamba msomaji kijana hana akili ya kuelewa kimya. Ningepunguza kurasa mia bila huruma.

Tufike ku moyo sasa. Valentino, akijua anakufa, anaamua Orion apewe moyo wake. Sitasema inaishaje. Nasema tu kwamba hapo kitabu kinafika mahali pakubwa, halafu kinapita haraka kama taksibasi isiyotaka kusimama.

Juu jambo hili lilishatokea kweli, na si mbali sana na sisi. Moyo wa kwanza wa mtu kuhamishwa kwenda kwa mtu mwingine ulihamishwa Afrika, Cape Town, lopitali ya Groote Schuur, tarehe 3 Desemba 1967, na daktari Christiaan Barnard. Aliyeupokea, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Moyo ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25, aliyegongwa na gari siku iliyotangulia pamoja na mama yake. Mama alikufa pale pale. Hakuna kampuni iliyompigia Denise telefone, hakuna mtu aliyeweza kumuuliza anataka nini. Madaktari walimuuliza baba yake, Edward, mzee ambaye ndani ya siku moja amepoteza bibi na sasa anapoteza binti. Inasimuliwa kwamba alifikiri dakika nne, akakubali. Figo moja ya Denise ilienda kwa mtoto wa miaka kumi, Jonathan van Wyk, ambaye kwa sheria za ubaguzi za wakati ule hakuhesabiwa mzungu, na nchi ile ikapiga kelele.

Ona tofauti. Ku Cape Town, baba njo alisema ndiyo. Katika riwaya hakuna baba wa kuulizwa. Silvera amewaondoa wazazi wote njiani: wa Orion wako makaburini, wa Valentino walifunga mlango. Anabaki dada pacha wa Valentino, naye yuko mbali. Kwa hiyo mwili wa kijana unakuwa mali yake peke yake, na kuutoa kunakuwa rahisi, kuzuri, kama kutoa maua.

Hapa kwetu kutoa moyo kungekuwa kikao. Tuseme Death-Cast inafanya kazi Lubumbashi na kijana wa Katuba anapigiwa saa saba ya usiku. Saa kumi na mbili ya asubuhi mama ameshajua. Saa mbili mujomba amefika, bashi imefungwa uwanjani, mikeka imetandikwa, mtu anaandika michango kwenye daftari, na kijana mwenyewe bado mzima anatumwa kununua makala ya kupikia bukari ya kilio chake. Katikati ya hayo aseme kwamba moyo wake utaenda kwa rafiki aliyemjua jana. «Moyo ya mutoto yetu inaenda wapi? Tutazika nini?» Na tuache kwanza kwamba hakuna lopitali yetu inayobadilisha moyo, mgonjwa wa moyo mwenye ndugu wenye pesa anapelekwa Afrika Kusini ao India, asiye nao anabaki na dawa na sala.

Yaya mmoja wa association yetu aliniambia naonea kitabu: vijana waliofukuzwa nyumbani wapo kweli, Lubumbashi pia, na kwao hakuna kikao wala mikeka, kwa hiyo mwandishi amesema ukweli wao. Kwa upande wa Valentino namkubalia, na kurasa za wazazi waliomkataa ni kati ya zile zinazouma kabisa. Kwa Orion simkubalii. Kifo cha wazazi wake kinarudi mara nyingi kama kidonda, lakini hakuna shangazi, hakuna babu anayedai sauti yake.

Kisomeni hata hivyo. Anayetaka kuendelea, kuna cha tatu, The Survivor Wants to Die at the End, kilitoka 2025, ila kinaongea waziwazi juu ya kutaka kujiua. Aliye na uzito moyoni asikisome peke yake. Mimi bado nasubiri mtu atuandikie riwaya ya mzee Edward Darvall na dakika zake nne, asimame pale koridoni, bila telefone yoyote ya kumsaidia.